Siku ya Mbali

Mrushio ulinyamaza mara tu Mzee Kibwana Ngwali alipokata roho, na watu wa Ukingo wakajua kuna msiba kabla hawajaambiwa. Si kwamba walisikia kitu. Nje ya kuta zao hapakuwa na hewa ya kubeba sauti. Walijua kwa nyayo. Mtambo ule ulipokuwa ukirusha mawe, sakafu za nyumba zote zilitetemeka kidogo, na aliyezaliwa pale hakuutambua mtetemeko huo mpaka ukome. Mama aliyekuwa akimlisha mwanawe alisimamisha kijiko. Wacheza bao wakabaki na kete mikononi. Kisha milango ikaanza kufunguliwa, na kila aliyetoka alimwuliza jirani yake neno moja tu: nani?

Hidaya ndiye aliyeuzima. Alikuwa mkuu wa mahesabu ya njia, na ufunguo wa Mrushio ulikuwa chini yake, lakini saa ile hakuwa mkuu wa kitu chochote. Aliuzima kama binti wa marehemu. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya Ukingo tangu hajazaliwa: mtu akifa, mtambo unanyamaza, wala haurushi hata jiwe moja mpaka maiti awe kaburini. Na maiti wa Ukingo hakuingia kaburini mpaka Dunia ichomoze.

Wanaokaa katikati ya uso wa Mwezi hawawezi kuelewa jambo hili. Kwao Dunia imetundikwa angani mahali pamoja, haichomozi wala haizami, na mtu akiizoea huacha hata kuitazama. Ukingo upo pale uso huo unapoishia, tena hatua chache upande wa nyuma. Huko Dunia ilikuwa mgeni. Ilichungulia juu ya vilima vya magharibi mara moja kwa mwezi, ikakaa siku kadhaa, ikaaga. Watu waliozana ilipokuwa juu, wakawapa watoto majina ilipokuwa juu, na wakazika wafu wao wakiwa wameielekezea nyuso zao, kwa sababu Dunia ndiyo iliyokuwa kibla chao na ndiko walikotoka.

Mzee Kibwana alikuwa mmoja wa waliotoka huko kwa miguu yao wenyewe, na wa mwisho kati ya wanaume waliokuja na msafara wa kwanza. Ugonjwa ulipomzidi aliwaita watoto wake wawili, Hidaya na kaka yake Shomari, na dada yake Mafunda, akasema mbele yao kwamba wasia wake anamwachia Hidaya autekeleze. Wasia wenyewe haukuwa mrefu.

"Msinifukie mbele ya vilima vitupu," alisema. "Nisubirini mpaka itokeze. Hata kama ni ukucha wake tu."

Hidaya alimwahidi. Alimshika mkono, akamwahidi bila kufikiri, maana Siku ya Mbali, Mwezi unapokuwa mbali kabisa na Dunia, ilikuwa haijakaribia na mgonjwa alikuwa ameanza kula uji. Ukweli ni kwamba alijidanganya. Alitaka baba yake apone, na mtu anayetaka hivyo huahidi lolote.

Sasa wafiwa walikuwa wamekaa mkekani, udi wa umeme ukifuka harufu kwenye kona kwa kuwa moto ulikatazwa, na Mwenyekiti Haule wa baraza la Ukingo akaingia akiwa amevua kofia. Alitoa pole kwa kila mmoja. Kisha akakaa mbele ya Hidaya, akawa anaikunja ile kofia na kuikunjua.

"Sikuja kuzungumza habari za mtambo, mwanangu," alisema.

"Zungumza tu, Mzee Haule."

"Jumapili ni Siku ya Mbali." Alitazama sakafu. "Mkisubiri Dunia ichomoze, mwezi huu haturushi. Baraza haliwezi kuwalazimisha. Kanuni inasema ni hiari ya wafiwa, na hiari ya wafiwa ni wewe."

"Basi kanuni imeshasema," Shomari alijibu kutoka ukutani alikokuwa ameegemea. Alikuwa fundi wa reli za Mrushio, mtu mpana mwenye sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu. "Tunasubiri."

Mwenyekiti Haule aliitikia kwa kichwa. Hakuondoka lakini. Alikaa pale na kofia yake mpaka Hidaya mwenyewe aliponyanyuka, akasema anakwenda kazini mara moja.

*

Chumba cha mahesabu kilikuwa kitupu. Wenzake walikuwa wamekwenda msibani kwa mlango mwingine, na kwa hilo aliwashukuru kimoyomoyo. Aliketi, akafungua hesabu ya mwezi huo, akaanza upya tangu mwanzo. Hesabu ile aliifanya kwa mkono wake mwenyewe siku za nyuma na alijua imefika wapi. Alirudia kwa tamaa moja tu, kwamba amekosea.

Mwezi hauizunguki Dunia kwa duara lililo sawa. Njia yake imebonyea kidogo, hivyo kuna siku unakuwa karibu na siku unakuwa mbali. Ukiwa karibu unakwenda mbio, ukiwa mbali unajikokota, lakini mwendo wake wa kujizungusha haubadiliki. Kwa sababu hiyo uso wake hauelekei Dunia barabara kila siku. Huyumba taratibu, kushoto na kulia, kama mtu anayekataa jambo kwa kichwa bila kusema. Kuyumba huko ndiko kulikoinyanyua Dunia juu ya vilima vya Ukingo.

Na ukaribu huohuo ndio uliokuwa ukiua watu. Siku ya Karibu ilipoangukia mwezi mpevu, bahari za Dunia zilivutwa kuliko kawaida, na bamvua likapanda mahali ambapo siku nyingine halifiki. Zamani watu waliliona kama usumbufu wa kupita. Lakini bahari ilikuwa imeshakula fukwe na sasa ilibisha hodi milangoni, na mkono mmoja wa maji ulitosha kuuzamisha mji. Ndipo mataifa yalipokubaliana kuinyoosha njia ya Mwezi mpaka iwe duara, ili kusiwe na karibu wala mbali.

Ukingo ulijengwa kwa kazi hiyo. Mahali pale ni mgongo wa Mwezi katika safari yake. Ukirusha mawe kwa nguvu kutoka hapo kwenda nyuma, katika siku zinazoizunguka Siku ya Mbali, Mwezi unasukumwa mbele, na Siku ya Karibu inayofuata inakuwa si karibu sana. Msukumo wa mwezi mmoja ulikuwa mdogo mno. Miaka mingi ya misukumo ilikuwa imeokoa miji mizima. Imeokoa, na wakati huohuo imepunguza kuyumba. Hidaya alipokuwa mtoto, mama yake alimnyanyua aione Dunia ikiwa imeachana kabisa na vilima, nzima, buluu yake ikishangaza. Siku hizi ilitokeza ukingo tu, wala haikukaa. Watu wa Ukingo walikuwa wakiizamisha wenyewe, jiwe kwa jiwe, na walijua.

Hesabu ilimalizika. Hakukosea.

Wakirusha mwezi huu, bamvua la Siku ya Karibu lingeishia chini ya mdomo wa ukuta wa Mtondoni, mji wa mwisho wa pwani ya kusini uliokuwa bado hatarini. Wasiporusha, maji yangepita juu. Na wakirusha, Dunia isingetokeza tena Ukingo, si baada ya Siku ya Karibu hiyo wala baada ya nyingine yoyote. Mwezi huu ulikuwa ndio wenyewe. Alikuwa ameliambia baraza tangu mwanzo wa mwaka, na baraza lilikubali kwa shingo upande, wengine wakilia waziwazi kikaoni. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu angekufa katika siku zilezile.

Taa ya simu ya Duniani iliwaka. Alidhani ni wakubwa wa mradi, akataka kuiacha, kisha akaona jina. Alikuwa Bi Somoe Nanguka, msimamizi wa ukuta wa Mtondoni. Walikuwa wameshazungumza mara nyingi juu ya vina vya maji, hawajawahi kuzungumza juu ya kitu kingine.

"Hidaya, mwanangu, nimesikia," Bi Somoe alisema. "Pole sana. Mungu amweke mahali pema."

"Amina. Nimeshapoa, Bi Somoe."

Maneno yalichukua muda kwenda na kurudi, na katikati yake kila mmoja alimwona mwenzake akingoja.

"Mama yangu alimjua baba yako. Walisoma chuo kimoja cha Kurani. Alikuwa anasema Kibwana alikuwa mtundu, hakai. Aliposikia kaenda Mwezini hakushangaa." Bi Somoe alitabasamu kidogo, tabasamu likaondoka. "Ndiyo hivyo tu. Nilitaka nikupe mkono wa pole."

"Ukuta ukoje?"

"Sikukupigia kwa ajili ya ukuta."

"Najua. Nauliza mimi."

Bi Somoe hakujibu haraka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya umbali. "Watoto na wagonjwa tumeshawapeleka juu," alisema hatimaye. "Wengine hawataki kutoka. Sisi tulishahamishwa mara moja, mwanangu. Wazazi wetu wamelala chini ya maji kule tulikotoka, hata kuwazuru hatuwezi. Wazee wanasema mara hii hawaendi popote. Nami siwezi kumbeba mtu mzima mgongoni. Na hao waliokwenda juu, chumvi ikishaingia visimani na mashambani, hawana pa kurudi."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Nikuombe nini? Nikwambie mzike baba yako upesi, mimi niendelee kulala kwangu? Nitakuwa mtu wa namna gani?" Aliinamisha uso, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Wafiwa hawaombwi kitu. Nenda kakae na wenzio."

Simu ilipokatika Hidaya alishika tama. Alimchukia yule mama kidogo kwa kutomwomba. Kama angeomba, ingekuwa rahisi kumkatalia.

*

Jioni walibaki watatu tu mkekani: Hidaya, Shomari, na shangazi yao Mafunda. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, amelala chumba cha baridi, na chakula walicholetewa na majirani kilikuwa kimeganda sahanini. Hidaya aliwaeleza yote, ukuta na visima na wazee wa Mtondoni. Hakutia chumvi wala hakupunguza.

"Nimesikia," Shomari alisema. "Nawaonea huruma, Mungu ananiona. Lakini wasia ni wasia. Hakuomba dhahabu. Aliomba aione."

"Kaka, Duniani watu wanazikwa kuelekea Kibla na wengi wao hawakuiona Maka hata siku moja. Walijua upande, basi. Upande haupotei kwa kuwa hauuoni."

"Wao walikuwa na udongo wao." Alisema polepole, kama mtu anayelitoa neno lililokaa ndani siku nyingi. "Mtu wa Kilwa akizikwa, anazikwa katika udongo ulioota muhogo aliokula. Sisi tunalazwa katika vumbi ambalo halijaota hata jani. Hatuna kitu kingine, Hidaya. Tuna kule kuiona tu. Na hata hiyo tumeitoa, mwaka baada ya mwaka, wanaomba tunatoa, wanaomba tunatoa. Nimezitengeneza zile reli kwa mikono hii. Je, siwezi kuambiwa, Shomari, mwezi huu mmoja ni wa baba yako?"

Hidaya alikuwa akijiambia maneno yaleyale tangu asubuhi.

Shangazi Mafunda alikuwa akitafuna karafuu muda wote. Alikuwa bibi mkavu, mwepesi wa kukasirika, na tangu kaka yake afariki hakuwa ametoa chozi mbele ya watu. Aliitema karafuu kwenye leso.

"Mnajua mtu wa kwanza alizikwaje hapa?"

Kila mtoto wa Ukingo alijua. Alikuwa Mhandisi Pandu, aliyeangukiwa na boriti wakati Mrushio ukijengwa. Wenzake walimpenda mno hata wakakataa kumfukia gizani. Wakamkalia matanga mpaka Dunia ikachomoza, ndipo wakamlaza akiitazama. Ilisimuliwa shuleni.

"Hatukusubiri Dunia," Shangazi Mafunda alisema. "Tulisubiri kekee. Mwamba ule ni mgumu, na jino la kekee lilikatika tulipoanza tu kuchimba. Tukaagiza jingine kutoka kituo cha kati, likachelewa. Chombo kilipolileta, ndiyo siku hiyo Dunia ikachungulia. Mtu mmoja akasema, tazameni, imekuja kumuaga. Basi tukalia wote, hata wasiomjua Pandu vizuri. Aliyefuata kufa, mkewe akasema na yeye asubiriwe. Ikawa ndiyo mila."

Shomari alimkazia macho. "Miaka yote hii hukusema?"

"Nani aliniuliza? Tena lilikuwa jambo zuri. Mume wangu alizikwa hivyo. Ulitaka nimwambie mwanangu kwamba babake alilala barafuni kwa sababu ya jino la kekee?" Sauti yake ilikatika, akaikaza. "Kule kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri kashazikwa. Huo ndio ubinadamu. Kumlaza mtu kwenye baridi siku nenda siku rudi, mimi halijawahi kuniingia."

Kwa kitambo kidogo Hidaya alidhani ameokoka. Kama mila yenyewe ilianza kwa ajali, basi labda hakuna anayedhulumiwa. Lakini aliuliza swali moja zaidi, na baadaye alijilaumu kwa kuuliza.

"Baba alikuwepo siku hiyo?"

"Alikuwepo?" Shangazi Mafunda alicheka bila furaha. "Baba yenu ndiye aliyelikata lile jino. Alikuwa na haraka kama kawaida yake."

Shomari ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa ushindi.

"Kwa hiyo alijua yote," alisema. "Alijua ni kekee tu. Na bado akaomba asubiriwe."

Hapo Hidaya akaona hana tena pa kujificha. Baba yake hakudanganywa na mila. Aliijua ilikotoka na aliitaka vilevile, kama mtu anavyomtaka mtoto aliyezaliwa bila kupangwa. Hakuna hesabu ambayo ingegeuza tendo la Hidaya mwenyewe kuwa kitu kingine. Akimzika sasa, anavunja ahadi aliyompa mtu aliyekuwa akifa, na anaivunja kwa macho yaliyo wazi. Asipomzika, atakaa hapa na heshima yake huku wazee wa Mtondoni wakiingiliwa na maji vitandani. Alitamani mojawapo liwe kosa na jingine liwe haki, na halikuwa hivyo.

"Tutamzika kesho asubuhi," alisema.

Shomari alisimama. Hidaya alidhani atapiga kelele, akajiandaa. Hakupiga.

"Nitamchimbia kaburi," alisema. "Hilo sitamwachia mtu mwingine. Lakini pale pa kumlaza usinihesabu."

*

Asubuhi ya Ukingo huchukua siku nyingi, na hii ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Jua lilikuwa limenyanyua kichwa mashariki, nyuma yao, na vivuli vyao viliwatangulia kwenda magharibi, virefu kupita kiasi. Walikuja karibu watu wote, wamevaa mavazi ya nje, wakitembea polepole nyuma ya jeneza. Makaburi yalikuwa kwenye mteremko unaotazama vilima. Juu ya vilima palikuwa na anga jeusi tu.

Walisali. Wakamteremsha. Vijana wawili walimgeuza kwa ubavu wake wa kulia, uso magharibi, na Mwenyekiti Haule akapima upande kwa kifaa, jambo ambalo halikuwahi kuhitajika hapo kabla. Shomari alikuwa amesimama mbali, kwenye reli, amewapa mgongo. Udongo alioutoa usiku kucha ulikuwa umerundikwa vizuri pembeni, kingo za kaburi zimenyooka kama kazi ya mtu anayetaka kusifiwa na baba yake.

Palibaki jambo moja. Kabla ya kufukia, mtoto wa marehemu hushuka, hugusisha kofia yake ya chuma kwenye ubao uliomfunika maiti, na kusema naye. Redio huzimwa. Maneno hupita kwenye ubao wenyewe, na hakuna mwingine anayeyasikia. Husemwa jambo moja tu: mtoto humwonyesha mzazi wake Dunia. Humwambia, ile pale.

Hidaya alishuka. Alizima redio, akapiga magoti, akaegemeza kofia yake kwenye ubao. Ghafla ulimwengu wote ukawa pumzi zake mwenyewe. Alikuwa ameyafikiria maneno tangu alfajiri. Alifikiri angesema kwamba ipo palepale, nyuma ya vilima, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alifikiri angesema imechelewa kidogo. Sasa alipokuwa pale, alikumbuka kwamba mtu huyu hakumficha jambo maishani mwake, hata alipomwambia, yeye akiwa bado mtoto, kwamba mama yake hatapona.

"Baba," alisema. "Haipo."

Alilia. Machozi hayakuwa na njia ya kufutwa ndani ya kofia, yakamwasha macho.

"Ningeweza kukusubirisha ukaiona. Sikutaka. Kuna watu Mtondoni, wengine ulisoma nao, wengine ni watoto wao. Nimewachagua wao, Baba. Ni mimi niliyefanya, si Shomari. Kama kuna mahali watu wanaulizwa, useme ni mimi."

Alikaa kidogo zaidi kuliko ilivyo desturi. Hakuomba radhi. Aliona kuomba radhi kwa jambo alilokusudia kulifanya hadi mwisho ni kumdhihaki. Kisha akanyoosha mkono, wakamvuta juu, na watu wakaanza kufukia.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mahesabu na vumbi la kaburi likiwa bado magotini, akauingiza ufunguo. Mrushio uliamka. Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zake, na huko nje jiwe la kwanza likaondoka, na la pili, na la tatu, na Mwezi ukaenda mbele kidogo kuliko ambavyo ungekwenda.

*

Bamvua la Siku ya Karibu lilifika mdomo wa ukuta wa Mtondoni, likasimama hapo muda wa kuogopesha, likashuka. Bi Somoe hakutuma shukrani. Alituma ujumbe mfupi kwamba msikiti wao umemsomea hitima Mzee Kibwana Ngwali, na kwamba walijaa mpaka nje, na wengine walisimama vidimbwini.

Ikafika siku ambayo Dunia ilikuwa na kawaida ya kuchomoza. Hakuna aliyeitangaza. Hata hivyo, saa za alasiri kwa saa za kituo, watu walianza kukusanyika kwenye ukumbi wa dirisha la magharibi, wamevaa nguo zao nzuri, kila mmoja akijifanya amepita tu. Nje jua lilikuwa limeshazama. Waliangalia vilima. Waliokuja na watoto hawakuwanyanyua. Baada ya muda mtu mmoja akasema usiku mwema ingawa ilikuwa alasiri, akaondoka, na wengine wakafuata wawiliwawili. Mwenyekiti Haule alipita karibu na Hidaya, akamgusa bega.

Alipobaki peke yake, alisikia mtu amekuja kusimama kando yake. Alikuwa Shomari. Tangu mazishi walikuwa wakipishana njiani kwa salamu tu.

"Walikuwa wengi," Shomari alisema.

"Ndiyo."

Walitazama nje. Vilima havikuwa na umbo sasa, ni giza lililofunika nyota upande wa chini.

"Ulimwambia nini pale chini? Ulikaa sana."

Hidaya alifikiri kumficha, akaona hakuna faida. "Nilimwambia haipo. Na kwamba ni mimi."

Shomari aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa kiganja cha fundi, kimejaa makovu ya reli. Alikaa hivyo mpaka kioo kikafanya ukungu kuzunguka vidole vyake.

"Ulifanya vizuri kumwambia kweli," alisema. "Yeye angetaka kweli. Sijakusamehe, lakini ulifanya vizuri."

"Najua, Kaka."

"Ila mimi si yeye." Aliondoa mkono kwenye kioo, akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama machoni. "Siku yangu ikifika, ukiwa hai, ukashuka pale na kuinama, mimi usiniambie haipo."

"Nikwambie nini?"

"Nidanganye."

Hidaya alimshika mkono ule wenye baridi ya kioo, akamwambia atamdanganya.